Tochi na Mshono wa Mwisho

Mteja aliyefika kwa mara ya kwanza kwenye karakana ile ya makochi aliona soli za viatu kabla hajauona uso wa mwenyewe. Soli mbili, zimelika sawasawa kulia na kushoto, zimechomoza nyuma ya kochi. Na ndani ya kochi hilo mwanga mdogo ukitembea huku na huku kama mdudu aliyepotea njia.

"Huyo ndiye fundi mkuu," Mama Bei alikuwa akisema, bila hata kugeuza shingo. "Msubiri. Akishatoka humo, hilo kochi litakuzika wewe, na wajukuu wako watagombea kulirithi."

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa mkewe, tena akikasirika. Kwa wengine wote alikuwa Tochi, kwa sababu ya kitochi chembamba alichokivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Mtu mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja kila aonapo kitu kilichonyooka, kana kwamba hakiamini.

Yeye na mdogo wake ndio walioianzisha karakana ile. Tochi akitengeneza, mdogo mtu akiuza. Mdogo mtu alipofariki, mjane wake akaingia dukani akakaa kwenye kiti cha mumewe, na hakuna aliyemwambia ainuke. Mwanamke yule alikuwa ameuza kila kinachouzika, kuanzia mayai ya kuchemsha mpaka mabati ya mtumba, na biashara hakuisomea popote ila kwenye nyuso za watu. Mafundi walimpa jina la Mama Bei wiki ile ile. Tochi pekee ndiye aliyeendelea kumwita shemeji, kama zamani.

Mama Bei hakuwa mtu wa kulainika. Huruma ilimpita kama mvua inavyopita juu ya bati. Lakini kuna jambo moja alilokuwa amemwekea Tochi moyoni na hakuwahi kulitaja. Siku zile za msiba watu walimletea maneno. Tochi alileta bisibisi. Alizunguka nyumba nzima peke yake, akakaza bawaba, akabadilisha kitasa, akainua kizingiti kilichokuwa kikipitisha maji. Jioni akamkabidhi funguo mpya. "Shemeji," akasema, "ule mlango wa nyuma ulikuwa haufungi mpaka usukumwe kwa bega. Huwezi kulala na mlango wa namna ile." Akaondoka. Mama Bei alilala usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu afiwe.

Kazini alikuwa hivyo hivyo. Hakupaza sauti, hakutukana, hakumkata mtu mshahara kwa hasira. Silaha yake ilikuwa swali moja tu: "Hii umeipima au umeikisia?" Ukisema umepima, anakupa futi upime tena mbele yake. Ukisema umekisia, anakupa futi. Wageni walidhani ni mtu wa dharau. Waliokaa naye walijua kwamba macho yale yale yaliyoona msumari uliopinda ndiyo yaliyomwona na aliyeupinda. Fundi wa fremu alikuwa na mgongo mbovu na hakumwambia mtu. Asubuhi moja akakuta meza yake ya kupigilia imeinuliwa kwa magogo, kimo chake barabara. Na yule dada aliyekuja kuomba kazi ya kukata vitambaa, Tochi alimtazama akikata siku nzima bila kusema neno, mpaka mwenyewe akaanza kukusanya vitu vyake, akidhani amekataliwa. Baadaye Tochi akamwekea mezani mkasi mpya. Alikuwa ameuzunguka mji mzima, duka kwa duka, akijaribu kukata kwa mkono wake wa kushoto huku wauzaji wakimcheka, mpaka akapata mkasi uliotengenezwa kwa watu wa mkono huo. "Ule mwingine ulikuwa unakuumiza kidole gumba," akamwambia. Tangu siku hiyo yule dada akaitwa Mkasi, na hakuna aliyekata wala kushona kama yeye.

Sasa, kochi lina siri kuliko mtu. Kitambaa kikishavutwa na kushonwa, nani atajua chini yake kuna mbao gani na sponji gani? Nusu ya mafundi wa mtaa ule walikuwa wakila kwa siri hiyo. Tochi hakutaka kula hapo. Akaweka utaratibu ambao haukuandikwa popote: kila kochi likimalizika, liachwe wazi mgongoni, upenyo wa kupitisha mkono na tochi. Mkasi aliubana upenyo huo kwa pini ili vumbi lisiingie. Tochi akija, huzichomoa pini, huingiza mkono mpaka begani, humulika, hupapasa kila kiungo. Akikuta kasoro, hufumua. Akiridhika, hutoa mfukoni sindano iliyopinda kama ukucha wa paka, akaufunga mgongo kwa mkono wake mwenyewe. Huo ndio mshono wa mwisho, na hakuna mwingine aliyewahi kuushona.

Mama Bei aliuuza utaratibu huo kuliko hata makochi yenyewe. Mteja akilalamika bei ni kali, humshika mkono akampeleka nyuma, akamwonyesha zile soli. "Unamwona? Unadhani anatafuta nini humo ndani? Anatafuta kasoro ambayo wewe hutaiona mpaka mwanao aoe. Na hiyo nayo nikupe bure?" Mteja hukuna kichwa, akatoa pochi.

Lakini chini ya utaratibu huo kulikuwa na kitu kikimea, na Mama Bei na ujanja wake wote hakukiona, maana kilikuja kimevaa nguo za mzaha. Yule fundi wa fremu, mtu wa kucheka hata akiwa peke yake, aliyeitwa Misumari kwa kuwa aliibana midomoni akiwa kazini, alikuwa akisahau vitu ndani ya makochi. Penseli. Futi. Siku moja nusu ya mkate. Tochi alivitoa akampangia mezani bila neno.

"Mimi sanduku la vifaa la nini?" Misumari akawa anajisifu. "Natia ndani ya kochi, Mzee ananitolea. Nionyesheni benki inayofanya kazi hivyo."

Watu wakacheka. Hata Tochi aliinua pembe moja ya mdomo, ambako kwake ndiko kuvunjika mbavu.

Ilikuwa mchana mmoja duka halina mteja, Mkasi akaingia, akaketi kwenye kigoda badala ya kukaa kwenye kochi. Mama Bei akajua hapo hapo kuna jambo. Mtu aliyekuja kupiga soga hachagui kigoda.

"Mama, naondoka."

"Unakwenda wapi, sokoni?"

"Nakwenda ng'ambo."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na bwana mmoja waliyemwita Chapchap, aliyefunga makochi yake kwa stepla na maneno matamu. Mama Bei hakukunja uso. Muuzaji hakunji uso kabla hajasikia bei.

"Anakupa nini?"

"Ananipa meza."

"Meza unayo."

"Ananipa kochi zima, Mama. Nilianze mimi, nilimalize mimi, nilifunge mimi. Hakuna wa kunifumua."

"Chapchap akufumue nini, na kwake hakuna kilichoshonwa?"

"Ndiyo maana anataka mshonaji." Mkasi akavuta pumzi. "Tangu nije hapa sijawahi kumaliza kochi hata moja. Nakata, nashona, navuta kitambaa mpaka vidole vinaingia ganzi. Halafu nabana pini natoka, kama mtu aliyepika akakatazwa kufunua chungu. Juzi mama yangu ameniuliza, kochi lile la sebule ya kasisi umelishona wewe? Nimjibu nini? Nimelishona, ila sikulishona?"

"Nikikuongeza?"

"Mama, ningetaka kuongezwa ningekuja nimekasirika. Wewe si unanijua?"

Mama Bei alimjua. Alipima maneno mengine mawili matatu kichwani, akayaacha. "Mzee anakupenda, lakini."

"Hilo najua. Mkasi wangu huu nitazikwa nao. Ndiyo maana nimekuja kwako, sijaenda kwake. Nikimwambia yeye nimechoka, ataniuliza nimepima au nimekisia."

Wote wawili wakacheka, bila kutaka. Halafu Mama Bei akasema kama mtu anayeomba tone la mwisho la mafuta kwenye kibaba, "Nimalizie makochi ya daktari wa meno kwanza."

"Hayo nitayamaliza. Kuacha kazi nusu siwezi, alinifundisha yeye mwenyewe." Akainuka. "Na ndiye anayeniachisha nusu kila siku ya Mungu."

Alipotoka, Mama Bei alibaki akilitazama duka lake kama mtu anayehesabu nyufa. Tochi ndiye macho ya karakana. Lakini mikono ni ya Mkasi, na macho hayajawahi kushona kochi. Mkasi akivuka barabara, baada ya mwaka mmoja ni Chapchap atakayekuwa akiwashika wateja mkono na kuwapeleka nyuma. Akaenda kumtafuta shemeji yake. Akazikuta soli.

"Shemeji, toka humo tuongee."

"Nakusikia."

"Nataka uso. Mimi sina mazungumzo na viatu."

Tochi akatoka, vumbi la sponji kwenye nyusi, kiganja kwenye shavu. Mama Bei akamweleza yote bila kupaka asali. Tochi akapangusa vumbi kwenye nyusi.

"Kona," akasema mwishowe.

"Kona gani?"

"Mshono wake mzuri. Unalala vizuri kuliko wangu. Ila kona ya chini, kushoto, huwa ana haraka."

"Umesema kuliko wako?"

"Ndiyo."

"Umewahi kumwambia?"

"Nilimwambia haina neno."

Haina neno ndiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote kinywani mwa Tochi. Hakuna aliyewahi kumsikia akipanda juu ya hapo. Aliyeambiwa haina neno alirudi kwake siku hiyo amenyanyua kifua.

"Ulimwambia lini?"

Tochi alikuwa mtu wa kujibu ukweli hata ukimchoma. Akatafuta kichwani. "Wakati wa lile kochi jekundu la mwalimu mkuu."

"Shemeji, mwalimu mkuu ameshastaafu. Hata kochi limeshaanza kuota mvi." Mama Bei akasogea karibu. "Mwachie mshono wa mwisho."

"Na kama ndani kuna kasoro?"

"Ataiona."

"Asipoiona?"

"Atajifunza kuiona. Wewe ulizaliwa na hicho kitochi?"

Tochi akakigeuza kitochi chake vidoleni. "Mteja akirudi analalamika," akasema polepole, "mimi niko huku nyuma. Anayesimama mbele yake ni wewe. Sitaki usimame mbele ya mtu huna la kusema."

Miaka yote Mama Bei alidhani yule bwana anafumua kwa ajili ya makochi.

"Nitalifikiria," akasema Tochi. Na Tochi akisema atalifikiria, ujue ataligeuza kama ubao, upande huu na upande huu, mpaka msimu ubadilike. Mkasi hakuwa na msimu wa kusubiri.

"Na hilo shavu?"

"Jino. Lilianzia nyuma, likaja mbele. Bado nalichunguza."

"Jino halichunguzwi, shemeji, linang'olewa. Mteja wako ni daktari wa meno. Hata punda akikaa mtoni haombi maji."

Basi siku ile makochi ya daktari yalipokamilika, marefu manne ya chumba cha kusubiria, Tochi alikubali kwenda kung'olewa. Alisimama mlangoni akawaambia wote, "Narudi kabla ya jioni. Yasitoke kabla sijayaona." Wakaitikia. Hakurudi. Shavu lilivimba likafunga na jicho, na mkewe, aliyemjua mumewe, alimfungia viatu kabatini na simu akaizima.

Asubuhi gari la daktari likaja mapema. Mama Bei alifungua duka, akayakuta makochi yamepangwa, migongo imefungwa vizuri. Tochi alikuwa na kawaida ya kuja alfajiri akiwa na kiporo cha kazi.

"Mzee keshapita?" akauliza.

"Si unaona pamefungwa," akajibu Misumari, huku akishika upande mmoja wa kochi.

Mama Bei akayakagua mbele. Yeye aliuza mbele. Nyuma ya kochi ilikuwa himaya ya Tochi, na hakuwahi kuwa na sababu ya kuvuka mpaka. Akapitisha kiganja kwenye kitambaa, akatikisa kichwa, akayaruhusu yaende.

Mkasi aliingia gari limeshaondoka. Alikuwa ametokea ng'ambo, kuonyeshwa meza yake mpya, na hilo Mama Bei aliliona kwenye vumbi la viatu vyake hata kabla ya salamu.

"Mzee yuko wapi?"

"Alikuja alfajiri akafunga, nadhani amerudi kulala."

Mkasi akaenda mezani kwake. Kulikuwa na kopo la maziwa pale, la kuwekea pini. Akaliinua, akalitikisa. Halikulia.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Mzee akifunga, hunirudishia pini zangu kwenye kopo. Zote. Hata zilizopinda."

Wakatazamana. Migongo ile minne ilikuwa imeshikwa na pini tupu, na pini za Mkasi zilikaa safi kiasi kwamba mtu asiyejua angeapa ni mshono. Simu ikalia hapo hapo. Alikuwa daktari wa meno.

"Mama, makochi mazuri sana. Ila moja linabisha hodi."

"Linabisha hodi?"

"Mtu akikaa, ndani kunagonga. Halafu fundi wako alikuja nimtazame kidonda, sasa amelala sakafuni kwangu, nikimwita haitiki. Hebu njoo."

Walikwenda kwa miguu, watatu, karibu na kukimbia. Mama Bei mbele, kiatu kimoja kikimvuka, Misumari nyuma akihema na mgongo wake. Chumba cha kusubiria kilikuwa kimejaa watu wamesimama ukutani, kila mmoja ameshika shavu, wote wakitazama chini kama wanaotazama mchezo. Tochi alikuwa amelalia ubavu, uso umevimba upande mmoja kama andazi, pamba mdomoni, mkono mmoja umezama ndani ya kochi mpaka begani. Daktari alikuwa amechuchumaa kando yake na glavu zake.

"Nimemwambia asiiname. Kidonda kitavuja. Hanisikii."

"Mimi ndiye niliyekaa," akasema bibi mmoja mnene, aliyefungwa kitambaa kichwani kushikilia taya. "Kikagonga, ko. Nikadhani ni jino langu linaligonga fuvu. Huyu baba alikuwa kakaa pembeni yangu, akainuka, akaniomba kwa ishara nimpishe, adabu tupu, halafu akajilaza chini. Nikasema basi, sindano imempanda."

Mkono wa Tochi ukatoka kwenye kochi. Umeshika nyundo.

Misumari aliitazama. Alifungua mdomo kama anayetafuta mzaha, hakuupata. "Ni yangu," akasema.

Daktari na Mama Bei walimwinua Tochi wakamketisha kwenye kiti cha mbao. Hakuweza kusema, pamba ilikuwa imejaa damu. Akaanza kutazama. Mama Bei alimjua: alikuwa akilirudisha jambo nyuma, kiungo kwa kiungo, kama anavyofumua. Kidole chake kirefu kikamwelekea Misumari, ambaye hakuangalia ndani kwa kuwa alijua Mzee ataangalia. Kikaja kwa Mkasi, ambaye hakufunga kwa kuwa hakuruhusiwa. Kikaja kwa Mama Bei, aliyetazama mbele peke yake. Mama Bei akainamisha macho. Alipoyainua, kidole kilikuwa kimegeuka, kimegusa kifua cha Tochi mwenyewe, na hapo kikatulia, hakikwenda kwingine.

Mfanyabiashara huijua saa ya kutaja bei. Ikipita, bidhaa imelala.

"Shemeji, tusitafute mchawi," akasema Mama Bei. "Makochi ni manne na yamejaa pini, na watu hawa wanaumwa, wanataka kukaa. Wewe huwezi kuinama. Mimi sindano sijui hata inashikwa upande gani. Huyu ndiye aliyeacha nyundo. Niambie amebaki nani."

Tochi akatazama kochi. Akamtazama Mkasi. Akaanza kuivua ile kamba shingoni, ikakwama kwenye shavu lililovimba, na ikabidi Mkasi mwenyewe amsaidie kuitoa.

Mkasi akapiga magoti. Akachomoa pini moja moja, akazishika kwa midomo, akaingiza mkono. Na bila kuambiwa, akaanza kusema kwa sauti kila alichokiona, maneno yakipita kwenye pini.

"Kiungo cha kulia kimekaza. Mikanda ya chini yote imepigiliwa. Hapa sponji imepanda juu ya ubao. Naishusha. Imeshuka."

Tochi alikuwa amefumba macho, kichwa kimelala upande. Kidole chake kilikuwa kikitembea juu ya goti, kikimfuata alipo. Hata yule bibi alisahau taya. Kikafika mahali, kidole, kikasimama. Na Mkasi naye akasimama.

"Kona ya chini, kushoto," akasema. "Hapa nilikuwa na haraka." Akavuta mfukoni wembe na sindano ya kawaida. "Naifumua."

Akaifumua mwenyewe, mishono yake mwenyewe, akairudia. Halafu Tochi akatoa mfukoni ile sindano iliyopinda akamnyooshea. Mkasi akaufunga mgongo kwa mkono wa kushoto, mishono ikalalia upande ambao mishono ya Tochi haikuwahi kulalia. Akaenda la pili. Kwenye la tatu mkono ukatoka na futi.

"Misumari," akasema, "akiba yako hii hapa. Riba sijui."

Chumba kizima kikacheka, wengine wakishika mashavu kwa maumivu ya kucheka. Misumari akaipokea futi yake kwa mikono miwili kama mtoto aliyerudishiwa daftari na mwalimu.

La nne lilipofungwa, Tochi aliinuka kwenye kiti, akapitisha kidole gumba juu ya mishono, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wote wakasubiri neno lake. Neno halikuweza kutoka, pamba imeziba. Mkasi akamnyooshea sindano yake iliyopinda. Tochi hakuipokea. Akarudi kuketi, akamwonyesha daktari kwamba sasa yuko tayari kutazamwa.

Nje, Mama Bei hakupoteza muda. "Na ng'ambo?"

"Nitapita jioni nimwambie Chapchap atafute mtu mwingine." Mkasi alikuwa ameibana ile sindano kwenye kola ya gauni. "Lakini Mama, Mzee akija kufumua hata mshono mmoja..."

"Akifumua, meza yako nitaibeba mimi kichwani mpaka ng'ambo."

Wakapeana mikono, kama watu waliouziana ng'ombe.

Haikuwa rahisi kwa Tochi. Uvimbe ulishuka, maneno yakarudi, lakini mikono haikujua pa kukaa. Aliiweka mgongoni, akawa anatembea katikati ya makochi kama mgeni aliyekatazwa kugusa. Alikunywa chai nyingi. Alitengeneza bawaba za milango yote ya karakana, kisha za choo, kisha za jirani. Misumari alijinunulia sanduku la vifaa, na kabla kochi halijaenda kwa Mkasi alikuwa akilifungua, anagusa kimoja kimoja kwa kidole, midomo ikitembea. Mkasi akakata, akashona, akaingia na tochi, akafunga. Jioni alifika mpaka mlangoni, akageuka kulitazama kochi lake mara moja kabla ya kwenda zake.

Halafu asubuhi moja Mama Bei akafika, akaziona soli. Nyuma ya kochi la kijivu ambalo Mkasi alilifunga jana yake. Akaiona ile meza kichwani mwake, na barabara ilivyo pana.

"Shemeji," akasema taratibu. "Umefungua?"

"Sijafungua."

"Sasa unafanya nini huko?"

"Nalisikiliza."

Mama Bei akazunguka, akachungulia. Kweli, mgongo wa kochi ulikuwa mzima. Tochi alikuwa amelala chini, sikio limekaribia kitambaa, kiganja kimekaa juu ya kona ya chini, kushoto. Hakubonyeza. Kiganja kilikuwa kimekaa tu.

"Linasemaje?"

Tochi akajiinua, akajipangusa magoti, moja kisha la pili. "Haina neno," akasema.

"Usiniambie mimi. Mimi muuzaji, mteja nilishamwambia hivyo tangu jana. Nenda kamwambie mwenyewe."

Mkasi alikuwa mezani kwake, kitambaa cha kahawia kimetandazwa. Tochi akasimama mbele yake na mikono yake mgongoni.

"Lile la kijivu," akasema.

"Lina nini?" Mkasi hakuinua macho.

"Haina neno."

Mkasi wake ukasimama katikati ya kitambaa. Misumari, kule kwenye meza yake iliyoinuliwa, akaacha kupigilia. Mkasi akamtazama Tochi kwa uso mkavu kama wa hakimu.

"Ndani hukuangalia, Mzee. Nimelifunga. Umepima au umekisia?"

Tochi akainamisha kichwa upande. Alilifikiria swali hilo kwa haki, kama alivyofikiria kila kitu, na Mama Bei pale mlangoni aliona masikio yake yakibadilika rangi.

"Nimekisia," akasema.

Mkono wa Mkasi ukaenda kwenye futi, kama desturi ya mahali pale ilivyotaka. Ukaipita, ukavuta kitambaa, akaendelea kukata.